Geti Bovu la Reli: Namna ya Kulibadilisha Bila Kumpoteza Mtu

Manispaa ya Tabora ina kata inayoitwa Tambukareli, na jina hilo linasema jambo ambalo wakazi wa mji huu hulifanya kila siku: kuvuka reli kwenda shamba, sokoni, shuleni, msikitini na kanisani. Treni ilifika hapa mwaka 1912, miaka saba baada ya Wajerumani kuanza kutandika reli kutoka Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa ikifuata mwelekeo wa njia ya zamani ya wapagazi kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mwaka 1928 likakamilika tawi la Mwanza. Ndiyo maana treni huingia Tabora kutoka pande tatu, na karibu na stesheni kichwa kinaweza kurudi kinyumenyume kikipanga mabehewa, behewa likiwa mbele na taa ya kichwa ikiwa nyuma, usiione.

Mwongozo huu ni wako mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mwalimu, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, au mzazi ambaye watoto wake huvuka reli iwe Tabora mjini, Urambo, Kaliua, Bukene au kwingine kwenye reli hii. Kubadilisha geti na taa si kazi yako. Ni kazi ya mafundi wa Shirika la Reli Tanzania (TRC), na asiye fundi akigusa mitambo hiyo anahatarisha watu. Lakini unaweza kuifanya kazi hiyo ianze, ifanyike vizuri, na isiue mtu ikiwa katikati.

Kwa nini geti bovu ni baya kuliko kukosa geti

Kwenye kivuko kimoja cha barabara ya vumbi niliona mti wa geti umefungwa juu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Umezungushwa mara tatu, na fundo limekauka kwa jua hadi likawa gumu kama pembe. Nikamuuliza kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria pale. Akasema, "Lilikuwa linashuka lenyewe, mzee. Likampiga mama mmoja begani. Tukaona tulifunge."

Nia yao ilikuwa njema. Lakini tangu siku ile, dereva mgeni akifika pale anaona geti limeinuliwa. Kwake hiyo ni habari kamili: reli iko wazi. Hapunguzi mwendo, hashushi kioo asikilize honi. Kivuko kisicho na geti kabisa humtia mtu hofu, akasimama akatazama. Geti lililofungwa kwa mpira humwondolea ile hofu na halimpi ulinzi wowote badala yake. Taa iliyokufa nayo ni hivyohivyo. Kutowaka kwake kunaweza kuwa na maana kwamba hakuna treni, na kunaweza kuwa na maana kwamba hakuna umeme, na anayeendesha hana namna ya kujua ni kipi.

Gharama yake tunaijua. Juni 2018, eneo la Gungu mkoani Kigoma, basi lililokuwa safarini kuja Tabora liligongana na treni ya mizigo na watu wasiopungua 10 wakafa. Novemba 2023 basi jingine liligongana na kichwa cha treni Manyoni, wakafa tena watu zaidi ya 10. Treni ya mizigo ikifunga breki ya dharura inaweza kwenda kilomita nzima kabla ya kusimama. Dereva wa treni akikuona uko relini, mara nyingi kilichobaki mikononi mwake ni honi tu.

Kinachochosha vifaa huku kwetu

Radi za masika, kati ya Novemba na Aprili, huunguza mitambo isiyo na kinga. Betri hufa kwa joto la kiangazi. Waya za shaba, betri na paneli za sola huibwa. Mchwa hula nguzo na mageti ya mbao. Tabora ni nchi ya asali pia, na boksi la mitambo lenye tundu lililoachwa wazi ni mzinga mzuri. Fundi akija kulifungua anakutana na nyuki kabla hajaona waya.

Lakini sababu kubwa zaidi haiko ndani ya boksi. Barabara za kwenda Nzega, Itigi na Urambo zimewekwa lami. Kivuko kilichotengenezwa enzi za vumbi, baiskeli na lori bovu, leo kinafikiwa na mabasi yanayokimbia, bodaboda na maguta. Kifaa kinaweza kuwa bado kizima, ila barabara imekizidi. Ukiandika barua ya kuomba mabadiliko, hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa hiyo ikusanyie ushahidi.

Hesabu ya kufanya kabla ya barua

Tafuta daftari la kurasa 40, saa, na mtu wa kusaidiana naye. Usikanyage reli katika zoezi hili. Simameni nje, angalau hatua kumi kutoka kwenye chuma.

1. Andika kivuko kiko wapi hasa. Kando ya reli kuna nguzo za kilomita zinazohesabiwa kutoka Dar es Salaam, na Tabora iko takriban kilomita 840. Chukua namba ya nguzo iliyo karibu, kisha hesabu hatua hadi kivukoni. "Pale kwenye mwembe" hakumsaidii mhandisi aliye Dar es Salaam.

2. Hesabu wanaovuka kwa siku tatu: siku ya kawaida, siku ya mnada au gulio, na siku ya shule. Tenganisha watembea kwa miguu, baiskeli, bodaboda na bajaji, magari madogo, mabasi na malori, mikokoteni ya maksai, na mifugo. Wanafunzi uwaandike kwenye safu yao peke yao, pamoja na saa wanazopita.

3. Hesabu treni za siku hizohizo, na viberenge, yaani vile vigari vidogo vya wafanyakazi wa reli. Kiberenge usikisahau, nitaeleza sababu.

4. Pima macho. Ukiwa mahali ambapo dereva angesimama, tazama kushoto na kulia. Unaona reli hadi wapi kabla ya kichaka, kibanda au kona kuziba? Mwenzako atembee nje ya reli hadi pale unapoacha kumwona, akihesabu hatua.

5. Pima muda. Kwa saa ya simu, hesabu sekunde tangu pua ya lori inapoanza kuingia kivukoni hadi mkia wake unapotoka. Fanya hivyo kwa lori lenye tela na kwa mkokoteni wa maksai.

Sasa linganisha. Lori lenye tela la mita 18, likivuka eneo la mita 10 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, linahitaji sekunde 20. Maksai wawili na mkokoteni wao, jumla mita 8, kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, wanahitaji sekunde 22 hivi. Treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa inakata karibu mita 17 kila sekunde, maana yake katika sekunde 20 imekwisha kwenda zaidi ya mita 330. Ukiongeza sekunde 10 za mtu kushtuka na gia kukataa, unapata mita 500. Kama macho yako yaliishia kwenye hatua 150, umepata aya ya kwanza ya barua yako. Kundi la ng'ombe 60 linapita kwa zaidi ya dakika moja, na hapo taa pekee haitoshi hata ikiwa mpya. Lazima awepo mtu.

Nani apelekewe

Reli, geti na taa zake ni vya TRC. Lami, alama za barabarani na matuta kabla ya kivuko ni vya TANROADS ikiwa barabara ni kuu au ya mkoa, na vya TARURA ikiwa ni ya mtaa, kijiji au wilaya. Usalama wa usafiri wa reli husimamiwa na LATRA. Mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, na trafiki wana kumbukumbu zao za ajali. Barua ya upande mmoja hurudi na jibu kwamba suala hilo ni la wenzao. Kwa hiyo andika moja, kwa TRC kupitia stesheni yenu, nakala kwa wote hao, na mwombe mkuu wa wilaya awakutanishe palepale kivukoni.

> Kiini cha barua
> Sisi wakazi wa (mtaa/kijiji) tunaomba ukaguzi na ubadilishaji wa geti na taa za kivuko kilicho karibu na nguzo ya kilomita (…), barabara ya (…). Kwa siku tatu, tarehe (…), walivuka watu (…), wakiwemo wanafunzi (…), na magari (…). Treni zilizopita ni (…). Upande wa (…) dereva anaona reli kwa mita (…) tu. Kasoro tulizoziona: (…). Matukio ya karibu kugongwa, tarehe na saa: (…). Tunaomba, kabla ya vifaa vipya kuja, awepo mlinzi mwenye bendera, na treni zipunguzwe mwendo eneo hili.

Usiache ile sentensi ya mwisho. Vifaa vipya vinahitaji bajeti na zabuni, na huchukua muda. Mlinzi mwenye bendera na amri ya kupunguza mwendo vinaweza kuja mapema zaidi. Barua ikipokelewa, chukua nakala yenye mhuri na tarehe.

Nini cha kuomba, na cha kuuliza

Siku wahandisi wakija usikae pembeni. Uliza haya.

*Treni itagunduliwaje?* Kuna mfumo unaopitisha umeme mdogo ndani ya vyuma vya reli. Magurudumu ya treni yanauunganisha, taa zinawaka. Mfumo huo hausumbui penye mataruma ya mbao, au ya zege yaliyozibwa umeme usipite. Penye mataruma ya chuma, yaliyotumika sana kwenye reli yetu ya zamani, umeme unapotea, na penye treni chache kutu juu ya reli huzuia gurudumu kugusana vizuri na chuma. Mfumo mwingine huhesabu magurudumu yanayoingia na kutoka, na haujali taruma wala kutu. Kwa sehemu nyingi za njia hii ningeomba huo wa pili, na ningeomba nieleweshwe kama ungechaguliwa wa kwanza.

*Umeme ukikatika geti linafanya nini?* Jibu sahihi ni kwamba mti wa geti unashuka kwa uzito wake wenyewe. Geti linalohitaji umeme ili lishuke lina kasoro tangu kiwandani. Uliza pia betri inadumu saa ngapi, na kama paneli ya sola iko juu pasipofikika kirahisi.

*Mti ni nusu barabara au barabara nzima?* Nusu humwachia aliyekwisha kuingia njia ya kutokea, lakini bodaboda huuzunguka. Barabara nzima huziba kabisa, lakini unaweza kumfungia mtu ndani, hivyo unahitaji mlinzi au mitambo ya kuhakikisha hakuna aliyebaki relini. Penye mlinzi wa kudumu na wanafunzi wengi, mimi nachagua nzima.

*Kengele inasikika?* Taa ni za madereva. Kengele ni ya mama mwenye kuni kichwani ambaye hawezi kugeuza shingo.

Wakati mwingine jibu bora ni kufunga vijia vitatu vya panya na kutengeneza kivuko kimoja kizuri. Wakazi hupinga kwa sababu njia inarefuka. Jadilianeni mapema, kwenye mkutano wa mtaa, kuliko kuja kung'oa uzio usiku. Ile reli mpya ya SGR inayojengwa inazungushiwa uzio, na barabara zinaipita juu au chini. Treni hii ya zamani itaendelea kupita katikati yetu, kwa usawa wa miguu yetu.

Kusafisha macho

Hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mjini na mita 30 vijijini. Vibanda, genge la nyanya na kijiwe cha bodaboda ndani ya eneo hilo huziba macho na kubana barabara. Vihamisheni kwa mazungumzo kabla ya mkandarasi kuja, na muwatafutie wenye vibanda mahali pengine. Mama lishe aliyeondolewa bila pa kwenda atarudi wiki ijayo.

Miembe ni jambo jingine. Miembe mikongwe ya njia ya misafara, hasa upande wa Kwihara, ni sehemu ya historia ya nchi hii. Mti wa namna hiyo ukiziba kivuko, omba matawi ya chini yapunguzwe, na muulize afisa utamaduni kabla ya shoka kufika.

Wiki za kubadilisha: kipindi cha hatari

Ajali hupenda siku ambazo la zamani limetolewa na jipya halijaanza. Watu wanaona chuma kipya kinachong'aa, wanadhani kinafanya kazi. Simamia haya:

- Taa mpya ambazo hazijaanza kazi zifunikwe kwa mfuko mweusi au gunia, zifungwe vizuri. Taa wazi isiyowaka inadanganya.
- Geti la zamani lisitolewe asubuhi kabla ya mlinzi mwenye bendera kufika. Mlinzi kwanza, bisibisi baadaye.
- Mlinzi awe na bendera nyekundu na kijani, taa ya mkono ya usiku, fulana inayong'aa, na simu yenye chaji na salio ya kuzungumza na stesheni masta. Awepo wa kumpokea usiku. Mtu mmoja kwa saa 24 atalala, hata awe mwaminifu namna gani.
- Madereva wa treni wapewe taarifa ya kupunguza mwendo. Muulize stesheni masta, atakujibu.
- Tangazeni misikitini, makanisani, shuleni, redio ya hapa na stendi ya mabasi, siku tatu kabla. Dereva wa basi la mkoani hasikii tangazo la mtaa, kwa hiyo alama ya SIMAMA iwekwe mbali kabla hajafika.

Makosa niliyoyaona zaidi ya mara moja: tuta kuwekwa mara tu baada ya reli, lori likapunguza mwendo huku mkia wake bado uko juu ya chuma, kokoto kuachwa ndani ya mfereji wa gurudumu la treni, kiberenge kikarushwa, na lami mpya kuachwa juu au chini kuliko reli, tela lenye tumbo la chini likanasa.

Siku ya majaribio

Omba wawakilishi wawili wa mtaa waalikwe. Wasiguse kitu, watazame na kuandika.

☐ Taa zinawaka kabla mti haujaanza kushuka.
☐ Tangu taa kuwaka hadi treni kufika kivukoni ni sekunde zisizopungua 30, kwa treni yenye mwendo wa kawaida wa eneo hilo. Ikiwa lori lenu au maksai walihitaji zaidi ya 20, muda huo uongezwe.
☐ Treni zimejaribiwa kutoka pande zote, na kichwa kinachorudi kinyumenyume pia.
☐ Treni ikisimama nje ya kivuko na kurudi ilikotoka, geti halibaki chini milele.
☐ Umeme umekatwa makusudi: mti umeshuka, taa zimeendelea kwa betri.
☐ Taa zinaonekana saa kumi jioni jua likiwa nyuma yake.
☐ Kengele inasikika hadi nyumba ya mwisho ambayo mtoto huanzia kuvuka.
☐ Boksi la mitambo limezibwa kila tundu na lina kinga ya radi.
☐ Namba ya kivuko na simu ya stesheni vimeandikwa kwa rangi kwenye nguzo, pande zote mbili.

Na hapa ndipo kiberenge kinapoingia. Ni chepesi, na vingine magurudumu yake yamezibwa umeme makusudi ili visivuruge ishara, hivyo kinaweza kupita bila kuwasha taa zenu mpya. Waambie watoto na bodaboda wazi: hata taa ikiwa imezima, tazama. Baiskeli ivushwe ikiikata reli moja kwa moja. Ukiipitisha kimshazari, tairi jembamba hunasa kwenye mfereji, na gunia la mkaa hukuangusha palepale.

> Gari likikwama relini
> 1. Shusha watu wote mara moja, kabla ya kujaribu gia tena. Acha mizigo.
> 2. Kimbieni nje ya reli. Kama treni inaonekana, kimbieni kwa mshazari kuelekea upande inakotoka, mkiwa mbali na chuma. Vipande vya gari hurushwa kule treni inakoelekea.
> 3. Piga simu ya stesheni iliyo kwenye nguzo, taja namba ya kivuko. Usipoipata, piga 112.
> 4. Tuma mtu kila upande wa reli, wakimbie mbali kadiri wawezavyo, wakipunga kitambaa chekundu, usiku, tochi. Wasisimame ndani ya reli.
> 5. Mti wa geti ukiwa umekufungia ndani, endesha upite. Umetengenezwa uvunjike, na mbao ni rahisi kuliko wewe.

Baada ya mafundi kuondoka

Wiki ya kwanza, watu wazima wawili wasimame kivukoni asubuhi na jioni saa za wanafunzi. Watoto waliozoea geti bovu wana mazoea ya kupita chini ya mti, na hayatoki kwa tangazo. Kila mwezi kata nyasi upande wenu wa hifadhi kwa kibali cha gengi la reli. Ukiona taa moja imezima, mti unasitasita au mlango wa boksi uko wazi, piga simu siku hiyohiyo na uandike saa uliyopiga na jina la aliyepokea. Mtu akija na waya wa shaba kuuza kwenye chuma chakavu, mwenye mizani amwulize ameutoa wapi.

Lile daftari la kurasa 40 likae ofisi ya mtendaji. Watendaji huhamishwa, kwa hiyo siku ya makabidhiano likabidhiwe mkononi, pamoja na mhuri na funguo.